Jedwali Lisilo na Jana: Kuihakiki Fani ya Amri ya free

Matini ninayotaka kuihakiki ina mistari mitatu. Msimamizi wa seva ya Linux anaandika free -h, anabonyeza kitufe, na skrini inamjibu:

          total   used   free   shared   buff/cache   available
Mem:       62Gi    5Gi    1Gi     16Gi         56Gi        39Gi
Swap:       8Gi     0B    8Gi

Tarakimu hizi nimezitunga mwenyewe, nikifuata hali ya kawaida ya seva yenye RAM ya GB 64 inayoendesha hifadhidata ya PostgreSQL peke yake na ambayo haijazimwa kwa wiki kadhaa. Sura ya jedwali haikutungwa. Ndiyo sura wanayoitazama wasimamizi wa seva simu inapopigwa kwamba mfumo umekuwa mzito, na kwa kuitazama huamua mambo mazito: kununua RAM, kuzima hifadhidata na kuiwasha upya, au kumwaga kache yote. Maamuzi hayo yanaanzia kwenye usomaji. Kwa hiyo naona jedwali linastahili makini ile ile tunayoipa kazi yoyote yenye fani: nini kimetangulizwa, nini kimewekwa mwisho, msimulizi anaona wapi na anakomea wapi, na ni nini ambacho hakisemwi kabisa.

Umbo lake ni la daftari la duka: mali yote, iliyotumika, iliyobaki. Jicho linaanzia kushoto, linasoma 62, linasoma 5, linafika kwenye 1 na kusimama hapo. Daftari limetuzoesha kuogopa salio dogo, na amri yenyewe imepewa jina la safu hiyo ya tatu, kama vile imetumwa kuileta hiyo tu. Jina na nafasi vinashirikiana kumsukuma msomaji kwenye tarakimu yenye faida ndogo kuliko zote sita.

Tarakimu hiyo ni ndogo kwa sababu kerneli ya Linux haipendi RAM ikae tupu. Kila faili linaposomwa kutoka kwenye diski, nakala za kurasa zake, kwa kawaida za KB 4 kila moja, hubaki kwenye RAM hadi nafasi hiyo ihitajiwe na kazi nyingine. Hiyo ndiyo kache ya mfumo wa faili. Kuifikia data iliyo kwenye RAM huchukua muda unaokaribia nanosekunde 100. Iliyo kwenye SSD, mikrosekunde kama 100. Iliyo kwenye diski ya kuzunguka, milisekunde kama 10. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ni mara laki moja. Seva ya hifadhidata iliyofanya kazi wiki kadhaa ikawa bado na free kubwa, basi ama RAM yake inazidi data yake, ama kuna mchakato mkubwa umefungwa sasa hivi, ama kuna mtu ametoka kumwaga kache. Salio dogo kwenye daftari hili ni dalili ya afya, na fani yote inamwambia msomaji kinyume.

Watu waliliona tatizo hili zamani, wakajaribu kulitibu kwa kugusa fani. Kabla ya 2014 seva yetu hii hii ingejibu used 61, free 1, halafu kulia kabisa buffers 1 na cached 55. Yaani kache ilihesabiwa ndani ya used. Chini yake ulifuata mstari wa pili wenye jina la kushangaza, -/+ buffers/cache, na tarakimu mbili tu: 5 na 57. Mstari huo ulikuwa masahihisho. Ulimtaka msomaji ayafute aliyoyasoma juu, atoe kache kwenye used, aiongeze kwenye free, na aanze upya. Ni nadra kukuta matini inayojipinga yenyewe mstari mmoja tu baadaye, tena inayofanya hivyo kwa alama za hesabu bila neno hata moja la kueleza. Alama ya kutoa ilihusu safu moja na ya kujumlisha ilihusu nyingine, na msomaji aliachiwa agundue ipi ni ya wapi. Palikuwa pia na safu ya shared ambayo mwongozo wa amri ulimwagiza msomaji aipuuze kwa kuwa imepitwa na wakati. Jedwali liliendelea kuichapa, mwongozo ukiendelea kuikana.

Mwaka 2014 mambo yalibadilika kwa ndani na kwa nje. Kerneli ya 3.14, iliyotoka Machi mwaka huo, iliongeza kwenye faili la /proc/meminfo mstari mpya wa MemAvailable, kazi ya Rik van Riel. Baadaye mwaka huo huo toleo la 3.3.10 la procps-ng, mkusanyo wa programu ambamo free hutoka, likaufuta mstari wa -/+ na kuweka safu ya available mwishoni. Maelezo yaliyoandamana na badiliko la kerneli yalikuwa ya wazi: programu nyingi zilikuwa zikikadiria RAM inayopatikana kwa kujumlisha MemFree na Cached, na ukadiriaji huo ulikuwa umeacha kuwa sahihi, kwa sababu ndani ya Cached kuna vitu visivyoweza kuachiliwa, kama vile kumbukumbu inayoshirikiwa na michakato, na nje yake kuna vinavyoweza.

Safu hii mpya ni sentensi ya aina nyingine. Tano za kwanza zinataja kilichopo: kuna hiki, kuna kile. Ya sita imejaa -nge-: kama programu mpya ingeanza sasa, ingepata kiasi gani bila mfumo kuanza kusukuma kurasa kwenye swapu? Kerneli huchukua RAM tupu, hupunguza akiba ambayo haiwezi kuigusa, huongeza kurasa za faili lakini si zote, huongeza sehemu ya kumbukumbu zake nyingine zinazorudishika. Ni makadirio, tena ya busara. Lakini tazama yalivyovishwa. Ukiandika free bila -h, jedwali huja kwa kibibaiti, na 39Gi zetu hujitokeza kama 40894464, tarakimu nane zilizopangwa sawasawa na za majirani zake. Hakuna alama ya kusema kwamba hapa tumetoka kwenye kuhesabu na kuingia kwenye kubashiri. Pamoja na hayo, nikilazimika kuchagua safu moja ya kumwachia msimamizi mgeni, ningemwachia hii, na ningeitoa mwisho na kuiweka mwanzo.

Sasa nije pale ambapo seva ya hifadhidata inaachana na seva nyingine, kwa kuwa hapo ndipo jedwali linapotatiza zaidi.

PostgreSQL ina kache yake yenyewe, inayoitwa shared_buffers, yenye kurasa za KB 8. Kwenye seva yetu imepewa GB 16, robo ya RAM, ambacho ndicho kiwango mwongozo wa PostgreSQL unachokipendekeza kama mahali pa kuanzia, ukitahadharisha kwamba kupita asilimia 40 hakuelekei kusaidia. Kurasa hizo hutumiwa kwa pamoja na michakato yote ya hifadhidata, na Linux huziandika kumbukumbu ya namna hiyo katika hesabu ya Shmem, ambayo nayo imo ndani ya Cached. Matokeo yake, moyo wa hifadhidata, GB 16 ambazo kerneli haiwezi kuzitupa wakati wowote, ila ina haki ya kuzisukuma kwenye swapu tu, unakaa ndani ya buff/cache. Ni safu ile ile ambayo tumewafundisha vijana kwa miaka kwamba isiwatie hofu, kwamba yote iliyomo inarudi ikihitajika. Wakati huohuo used inasema 5, mtu adhani hifadhidata ni nyepesi sana.

Hatari yake haiko kwenye karatasi tu. Mstari wa zamani wa masahihisho uliahidi 57. Msimamizi aliyeuamini angeona nafasi tele ya kuongeza work_mem, ambayo kwa kawaida ni MB 4. Angeipandisha hadi MB 256, na maulizo 200 yakija kwa pamoja, kila moja na upangaji wake mmoja, zinahitajika GB 50. Kwa 57 hesabu inatosha. Kwa 39 haitoshi; seva inaanza kusukuma kurasa kwenye swapu, na swapu ikijaa kerneli inachagua mchakato wa kuua, ambao kwenye seva ya hifadhidata mara nyingi ni hifadhidata yenyewe. Na work_mem ni kikomo cha kila operesheni ya kupanga au kuunganisha, hivyo ulizo moja linaweza kukitumia mara kadhaa. Masahihisho yaliyowekwa kutibu usomaji mbaya yalizaa usomaji mbaya wa pili, uliokuwa na gharama kubwa kuliko wa kwanza.

Matoleo ya 4 ya procps yamebadilisha tena, safari hii bila kugusa kichwa cha safu hata kimoja. Used sasa ni total ukitoa available. Seva yetu ile ile, saa ile ile, RAM ile ile, inaacha kusema 5 na kusema 23. Ndani ya 23 zimo zile 16 za shared_buffers, kwa hiyo tarakimu imesogea karibu zaidi na ukweli. Lakini daftari limevunjika: 23 na 1 na 56 zinafanya 80, kwenye mashine yenye 62. Kuna wanaolalamika, na naelewa kwa nini. Fani ya daftari ina ahadi moja kuu, kwamba safu zitajumlishika. Mimi nasimama upande wa badiliko. Ahadi ya kujumlishika ndiyo iliyotufanya tuamini kwamba kila kipande cha RAM kina kazi moja na safu moja, na kache ya mfumo wa faili haikuwa hivyo kamwe: inatumika na inapatikana kwa wakati mmoja. Jedwali ambalo halijumlishiki ni jedwali lililokubali hilo. Ninachokidai ni kwamba lingelisema kwa sauti, kwa sababu anayesimamia seva mbili zenye matoleo tofauti anasoma neno moja lenye maana mbili bila onyo. Na kama hifadhidata imewekwa kutumia kurasa kubwa za MB 2, zile GB 16 huhama kabisa kutoka shared na buff/cache, zikahesabiwa kwenye used katika matoleo yote mawili. Hiyo ni sura ya tatu ya mashine moja.

Msomaji aliyetishwa na free mara nyingi hujibu kwa matini yake mwenyewe, fupi kuliko hata jedwali:

echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches

Faili hili lilikuja na kerneli ya 2.6.16 mwaka 2006. Linapokea tarakimu moja: 1 humwaga kurasa za faili, 2 humwaga kumbukumbu za majina na maelezo ya mafaili, 3 humwaga vyote. Maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba si chombo cha kudhibiti ukubwa wa kache, na kwamba nje ya majaribio matumizi yake hayapendekezwi. Hata hivyo mstari huu huonekana kwenye ratiba za kroni za seva nyingi, kila usiku au hata kila saa. Unapofanya kazi, jedwali linapendeza mno. Kwenye mfano wetu buff/cache ingeshuka kutoka 56 hadi 17 hivi, na free ingepanda hadi 40. Zile 16 za shared_buffers zisingeguswa, kwa kuwa amri hii haina uwezo nazo, na hapo ndipo msomaji makini angegundua kwamba sehemu kubwa ya kile alichokiita kache haikuwa kache ya kerneli.

Bei hailipwi na anayeandika amri. GB 40 za kurasa za KB 8 ni kurasa 5,242,880. Kuzirudisha zote kwa kusoma mfululizo kwenye SSD ya MB 500 kwa sekunde ni sekunde 80 na zaidi kidogo. Lakini maulizo ya kweli hayasomi mfululizo, huruka huku na huku. Kwenye diski ya kuzunguka inayomudu usomaji 200 wa kurukaruka kwa sekunde, kurasa hizo ni saa 7 na zaidi. Anayelipa ni mtu wa upande wa pili wa mfumo. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huhifadhi data yake kwenye PostgreSQL. Mfumo wa namna hiyo ukimwagiwa kache alfajiri, muuguzi anayefungua fomu ya ripoti asubuhi ndiye anayesubiri kila ukurasa upande tena kutoka kwenye diski. Sioni namna ya kuutetea mstari huo kwenye kroni. Kerneli yenyewe inaonekana kuwa na maoni: kila unapotumika, huandika kwenye kumbukumbu za mfumo jina la mchakato, namba yake na tarakimu iliyopewa. Anayetaka inyamaze lazima aijumlishe 4 kwenye tarakimu yake, yaani akiri kwa makusudi kwamba hataki iandikwe.

Jedwali la kerneli ni nusu ya masimulizi. Nusu nyingine iko kwenye faili la postgresql.conf, na pale pana jozi ya mistari ambayo kifani inafanana kabisa huku kimatendo ikiwa mbali kama agizo na ushahidi:

shared_buffers = 16GB
effective_cache_size = 48GB

Jina, alama ya usawa, kiasi. Wa kwanza unachukua RAM, na kuubadilisha kunadai hifadhidata izimwe na kuwashwa upya. Wa pili hauchukui hata baiti moja. Ni msimamizi anamshuhudia mpangaji wa maulizo kwamba, ukijumlisha kache ya hifadhidata na ile ya kerneli, huko nje kuna takribani GB 48 ambamo data inaweza kuwa tayari imo. Na mpangaji akiamini hivyo, anakuwa mwepesi zaidi wa kutumia faharasa. Mwandishi wa faili hili alijua tofauti hiyo, kwani aliitenganisha mistari hiyo: shared_buffers iko kwenye sehemu ya matumizi ya rasilimali, chini ya kumbukumbu, wakati effective_cache_size iko mbali, kwenye sehemu ya kurekebisha maulizo, miongoni mwa gharama za mpangaji. Mahali ndipo panapobeba maana. Anayefungua faili kwa kutafuta neno moja moja hupoteza ishara hiyo, kisha hujumlisha 16 na 48, huona 64, na hushtuka bure.

Kwa nini hifadhidata ishuhudiwe jambo linalotokea kwenye mashine yake yenyewe? Kwa sababu hailioni. Omba PostgreSQL ieleze ulizo pamoja na matumizi ya kurasa, nayo itakuandikia kitu kama shared hit=1200 read=8400. Hit ni kurasa zilizokutwa ndani ya shared_buffers. Read ni kurasa zilizoombwa kwa kerneli, na hapo ujuzi wa msimulizi unaishia mlangoni. Kurasa hizo 8,400, kama MB 66, zinaweza kuwa zimetoka kwenye kache ya kerneli ndani ya milisekunde 30, au zimetoka kwenye diski ya kuzunguka kwa dakika nzima na zaidi. Matini ni ile ile herufi kwa herufi. Njia ya kuzitofautisha ni kuwasha track_io_timing, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa, na kusoma muda badala ya idadi. Nimeona maamuzi ya kununua diski mpya yakijengwa juu ya neno read peke yake.

Kutoonana huku kuna historia. Mwaka 1981 Michael Stonebraker, aliyekuwa ameijenga INGRES juu ya UNIX huko Berkeley, aliandika katika Communications of the ACM kwamba huduma za mfumo endeshi, kache ya faili ikiwa ya kwanza, haziifai hifadhidata: kunakili kutoka kache ya kerneli kunagharimu, kanuni ya kutupa ukurasa uliokaa muda mrefu bila kuguswa hailingani na namna hifadhidata inavyosoma, na mfumo endeshi haujui ni ukurasa upi lazima uandikwe kabla ya upi ili data ipone baada ya ajali. Ndiye huyo huyo aliyeanzisha POSTGRES, na mrithi wake, PostgreSQL, hadi leo anaegemea kache ya kerneli kuliko hifadhidata nyingine kubwa. InnoDB ya MySQL ilifuata ushauri: kwa O_DIRECT huipita kache ya kerneli, na mwongozo wake unaruhusu kuipa hifadhidata hadi asilimia 80 ya RAM. Kwenye seva ya namna hiyo jedwali la free linageuka: used ni 50, buff/cache ni chache, available ni chache, na yote ni sawa. Hakuna usomaji mmoja wa jedwali hili unaofaa kila mahali. Lazima kwanza ujue ni hifadhidata ipi inayosimuliwa.

Ukimya mmoja siwezi kuupita. Free haisemi chochote kuhusu kurasa chafu, zile zilizokwisha kuandikwa kwenye kache lakini bado hazijafika kwenye diski. Lazima ushuke hadi /proc/meminfo, ukatafute Dirty na Writeback. Kwa kawaida kerneli huanza kuziandika nyuma ya pazia zinapofika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na huwazuia waandikaji wenyewe zinapofika asilimia 20. Asilimia hizo zilikuwa kitu kidogo mashine zilipokuwa ndogo. Kwetu asilimia 10 ni karibu GB 4, ambazo diski ya MB 100 kwa sekunde huzimeza kwa sekunde 40, na hifadhidata ikiomba fsync katikati ya hapo, yaani ikitaka uthibitisho kwamba data imefika kwenye diski, wote wanasubiri. Ndiyo maana kuweka kikomo kwa baiti, kwa vm.dirty_background_bytes, kuna akili zaidi kuliko asilimia. Tena mwaka 2018 ilijadiliwa hadharani kwamba kwenye Linux ukurasa mchafu ulioshindwa kuandikwa ungeweza kuhesabiwa kuwa safi, na fsync inayofuata ikajibu kwamba mambo ni shwari. PostgreSQL ilibadilishwa mwanzoni mwa 2019: fsync ikishindwa, hifadhidata inajiangusha na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za mabadiliko. Safu inayokosekana kwenye jedwali, basi, ndiyo inayogusa usalama wa data.

Kasoro kubwa zaidi ya fani hii, hata hivyo, nimeiacha hadi sasa kwa sababu zote zilizotangulia zinaiegemea. Jedwali halina jana. Kache ni historia: ni kumbukumbu ya yaliyosomwa, ikihifadhiwa kwa matumaini kwamba yatasomwa tena. Free inaichukua historia hiyo na kuipima kwa ukubwa wake tu, kwa dakika moja. Fikiria seva mbili, zote mbili zikichapa 56Gi na 39Gi. Kwenye ya kwanza data inayohitajika kila siku imeenea vizuri ndani ya kache, na diski inapumzika. Kwenye ya pili data ni kubwa mara tano. Ukurasa unaingia, unatupwa kuupisha mwingine, na baada ya dakika unaitwa tena. Ya kwanza haihitaji kitu. Ya pili inaumia mchana kutwa. Hakuna herufi moja kwenye jedwali inayozitofautisha, na hakuna marekebisho ya 2014 wala ya matoleo ya 4 yaliyogusa jambo hilo.

Kwa hiyo ninapenda matini zenye wakati ndani yake, hata zikiwa na sura mbaya. Vmstat 1 huchapa mstari kila sekunde, na safu zake za si na so huonyesha kama kurasa zinaingia na kutoka kwenye swapu sasa hivi. Ila mstari wake wa kwanza ni wastani tangu mashine iwashwe, hivyo msomaji auruke. Kerneli ya 4.20, mwishoni mwa 2018, ilileta /proc/pressure/memory, ambayo haisemi RAM ni kiasi gani. Inasema ni asilimia ngapi ya muda kazi zimekwama zikiingoja, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Hapo kipimo kimehama kutoka kwa mali na kwenda kwa anayesubiri.

Na ndani ya /proc/vmstat, katikati ya mistari mingi isiyo na mpangilio wowote wa kumvutia msomaji, kuna workingset_refault_file. Huhesabu kurasa za faili zilizotupwa na kuitwa tena. Ni tarakimu inayopanda tu, kwa hiyo ikiwa peke yake haina maana. Inataka kusomwa mara mbili. Isome, subiri dakika tano za saa ya kazi nyingi, isome tena, toa. Tofauti ikiwa milioni moja na nusu, basi karibu GB 6 zilitupwa na kurudishwa katika muda huo, na msimamizi ana hoja ya kupeleka kwa mwenye fedha za RAM, au, kabla ya hapo, sababu ya kwenda kutafuta ulizo linalosoma jedwali zima la data kwa kukosa faharasa. Tofauti ikikaribia sifuri, kache inatosha, hata free ikisema 1.